Siku Niliyofungua Hazina Bila Mkaguzi

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa sauti yangu imeshazunguka kwenye simu za watu mkoa mzima wa Simiyu, nikisikika nambembeleza nyoka kama mtu anayebembeleza wakwe, ni afadhali niseme mwenyewe ilivyokuwa, maana kila anayesimulia anaongeza chumvi, na juzi hapa sokoni Bariadi mama mmoja muuza dagaa aliniapia mbele ya watu kwamba yule nyoka alinimeza mpaka kiunoni. Hakunimeza. Yaliyotokea ni mabaya zaidi.

Mimi naitwa Mabula, nachora mabango ya maduka (ukiona saluni Bariadi ina picha ya mwanamke ambaye jicho moja limezidi lenzake, huo mkono wangu). Shule nilifika kidato cha nne, matokeo tuyaache. Ila ndoto ninazo, tena kubwa kuliko chumba ninacholala, na mojawapo ni siku moja kusimama mbele ya watu wengi wakanisikiliza mpaka mwisho. Basi nikajiunga na kikundi cha ngoma cha Mzee Luhende, na sisi ni watu wa ngoma za nyoka, Bayeye, wale ambao nyoka akitoka sandukuni watu wanakimbia halafu wanarudi wenyewe kutazama.

Nyoka wetu ni chatu jike anayeitwa Shangazi. Ameitwa hivyo kwa sababu ni mzito, hapendi kuharakishwa, na akifika mahali kila mtu anakaa vizuri. Mzee Luhende alimlea tangu akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kibuyu, wamezeeka pamoja. Mimi (naomba msicheke) sijawahi kumgusa. Miaka minne kikundini, kazi yangu ilikuwa kupiga manyanga na kusimama mbali.

Sasa mwaka huu ikaja habari kwamba wageni kutoka Wizara ya Fedha wanapita vijijini kuwaeleza wananchi wizara hiyo inafanya nini hasa, na wanataka kikundi cha hapahapa kiwaeleze watu kwa ngoma na mchezo. Wakituona tunafaa, tutazunguka nao wilaya zote, mpaka Kiloleli, mpaka Bukundi, kote, mwezi mzima. Tatizo, wiki hiyohiyo Mzee Luhende presha ikampanda akalazwa. Tulienda kumwona mimi na binti yake Minza, na mzee akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nitapona. Ninyi nitunzieni Shangazi. Akipatwa na jambo msiniletee habari, daktari kasema nisishtuliwe."

"Mzee, kwa Shangazi usiwe na wasiwasi hata kidogo," nilisema, tena niliyesema kwa sauti kuliko wote ni mimi, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka.

Mchezo niliutunga mwenyewe. Nilipewa kipeperushi cha wizara nikakisoma mpaka karatasi ikalegea kama kitambaa. Mimi nilikuwa nadhani Wizara ya Fedha ni nyumba Dodoma yenye chumba cha noti, na Waziri ana ufunguo mfukoni, basi akiamka vizuri barabara inajengwa. Kumbe hapana. Waziri anasoma bajeti bungeni, wabunge wanaijadili na kuipitisha. Chini yake kuna Katibu Mkuu, ndiye Mlipaji Mkuu wa Serikali, kuna Kamishna wa Bajeti anayepanga mafungu, kuna Mhasibu Mkuu, na kila wizara na kila mkoa una fungu lake na mtu wa kulijibia. Na hata bunge likishapitisha, Mlipaji Mkuu hachoti tu kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, mpaka Mkaguzi Mkuu atoe kibali. Nilipofika hapo nikapiga paja. Nikaona sanduku! Nikaona makufuli mawili!

Nikatengeneza sanduku kubwa la mbao, nikalipaka rangi ya kijani, nikaandika HAZINA kwa herufi za njano zenye kivuli. Ndani tuliweka vibao, MAJI, SHULE, BARABARA, ZAHANATI, vimelazwa juu ya pamba. Ufunguo wa kwanza alikuwa nao Limbu, rafiki yangu, yeye ndiye Katibu Mkuu. Wa pili alikuwa nao Minza, yeye Mkaguzi Mkuu. Waziri nilikuwa mimi, nani mwingine?

Ugomvi ulianzia kwenye viti. Nilikuwa nimempanga Minza nyuma yangu, pamoja na makamishna, akakataa kuketi.

"Mkaguzi hakai na watu wa wizara," alisema.

"Kwa nini? Si wote serikali?"

"Soma vizuri karatasi yako, bhabha. Yeye yuko pembeni, wewe humpi amri. Ukimkalisha nyuma yako atakuambiaje hapana?"

Kikundi kizima kikacheka, Limbu akacheka mpaka akakaa chini. Nikasogeza kiti pembeni, lakini rohoni nilibaki na kidonda (kadogo, ila kalikuwapo), kwa sababu alikuwa amesema kweli, na alikuwa amesema mbele ya watu.

Siku yenyewe mkutano ulikuwa Mwamapalala. Asubuhi fuso ikatupitia nyumbani kwa Mzee Luhende, vijana wakapakia ngoma, wakapakia sanduku la Hazina, wakalalamika mbona leo zito, nikawaambia pamba imenyonya umande, pandeni. Minza alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu kama mtu ambaye hakulala. Mara akajipapasa akasema, "Jamani, miwani ya Mkaguzi nimeisahau ndani, naifuata," akaingia.

Hapa ndipo. Ndugu zangu, kama kuna mahali pa kunichapa viboko ni hapa. Dereva alipiga honi mara moja tu, wala hakuwa na haraka sana. Mimi nikachungulia mlangoni, nikakumbuka viti, nikakumbuka kicheko cha Limbu, nikagonga bodi ya gari.

"Twende, atakuja na pikipiki."

"Tumwache Mkaguzi?" Limbu akauliza.

"Nani kamwacha? Tunatangulia."

Fuso ikaondoka. Na ili simu isije ikalia mbele ya wageni, nikaizima. Halafu nikachagua mahali pazuri pa kukaa, juu ya sanduku lenyewe, nikala karanga njia nzima huku nikifanya mazoezi ya hotuba yangu. Mara moja nilihisi kitu kama kinasukuma chini ya makalio. Nikasema hii barabara ina mashimo kweli.

Mwamapalala tulikuta watu wamejaa, wazee kwenye viti vya plastiki, akina mama wamekaa chini na khanga kichwani kwa jua, watoto juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Meza kuu ilikuwa imevalishwa kitambaa cheupe mpaka chini. Mgeni wetu alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, na Kisukuma alikuwa amejifunza salamu moja tu, "Mwadila!" na watu walimpigia makofi kama ameongea dakika kumi. Nikabandikwa maiki ndogo ya kwenye kola, ile isiyo na waya. Koti la suti nilikuwa nimeazima kwa shemeji yangu, suruali pia, na shemeji yangu ni mwembamba. Kumbukeni hiyo suruali.

Mchezo ulianza vizuri kuliko nilivyoota. Nilisoma bajeti, "wabunge" wakagonga magoti, Kamishna akagawa mafungu kwa fimbo ya kuchungia, mzee mmoja akapaza sauti, "Na sisi wa pamba usitusahau hapo!" watu wakacheka, mgeni akaandika kitu kwenye daftari. Moyo wangu ulikuwa unapaa. Kisha tukafika kwenye sanduku. Limbu akafungua kufuli lake kwa madaha, akalinyanyua watu walione. Halafu akashika la pili, akanisogelea.

"Limefungwa," akaninong'oneza.

"Si huwa tunalining'iniza tu?"

"Leo limefungwa kabisa. Tumsubiri Minza."

Nilitazama barabarani. Hakuna pikipiki. Nikamtazama mtendaji wa kata, akanionyesha saa yake. Nikamtazama mgeni, kalamu imesimama hewani. Jasho likaanza kunitoka kwapani kwenye koti la watu. Mwezi mzima wa kuzunguka mkoa ulikuwa pale, ndani ya sanduku ambalo nimelipigilia misumari kwa mkono wangu. Na kwa kuwa nililitengeneza mimi, nilijua udhaifu wake: bawaba nilizifunga kwa nje. Skrubu nne. Na bisibisi mimi sitembei bila bisibisi, ni mtu wa mabango.

"Usifanye hivyo," Limbu akasema, sasa hanong'oni. "Mabula, tumsubiri."

"Mgeni ana ratiba."

Nikapiga magoti nyuma ya sanduku nikafungua skrubu, moja, mbili, tatu, nne. Nikazuga kwa sauti ya Waziri, "Wananchi! Hazina ya nchi yenu inafunguliwa!" Nikamwita mgeni aje achote mwenyewe kibao cha kwanza, kwa sababu nilishapanga kiwe cha MAJI, na Mwamapalala wanalia na maji.

Mama wa watu akaja anatabasamu. Nikainua mfuniko upande wa nyuma, kiasi cha mkono kupita. Akaingiza mkono. Akapapasa.

"Mbona ni baridi?" akauliza.

"Ni umande, mama."

"Na... linapumua?"

Basi kichwa cha Shangazi kikatoka taratibu, kikapita pembeni ya mkono wake, ulimi ukaonja hewa ya Mwamapalala. Mgeni hakupiga kelele. Alisimama tu, mkono bado ndani, akawa wa rangi ambayo sijawahi kuichanganya. Waliopiga kelele ni wengine wote. Viti vya plastiki vikaruka, mkokoteni ukabaki bila mtoto hata mmoja, Limbu, Katibu Mkuu mzima, akapanda juu ya spika, na Kamishna wa Bajeti hatukumwona tena mpaka saa kumi jioni. Mtendaji wa kata alimvuta mgeni kwa nyuma wakaanguka wote wawili. Na Shangazi, ambaye hapendi makelele, akashuka na kuteleza moja kwa moja chini ya meza kuu, ndani ya kile kitambaa cheupe.

Hapo hofu ikabadilika. Mwanzoni niliogopa nyoka, sasa nikaogopa watu. Nikawaona wanaume wanarudi, mmoja ana jembe, mwingine kachomoa mti wa hema, watatu wana fimbo, na mmoja anasema, "Zungukeni huku, piga kichwa!" Nikamwona Mzee Luhende kitandani na ile sauti yake ndogo. Msiniletee habari. Nikasikia na sauti yangu mwenyewe ikijibu, usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Sijui miguu ilitoka wapi. Nilijirusha chini ya meza, kichwa mbele. Suruali ya shemeji ikapasuka kuanzia kiunoni mpaka karibu na goti, nikaisikia, na upepo nikausikia, lakini nilikuwa nimeshaingia nusu, sehemu ya mbele iko gizani na chatu, na sehemu ya nyuma iko juani na wananchi. Wenye fimbo wakasita, maana wangepiga wapi? Palipoonekana palikuwa pangu.

Na mimi mle ndani, uso kwa uso na kichwa kikubwa kama kiganja, nikaanza kuongea. Sikukumbuka maiki.

"Shangazi, nakuomba. Shangazi mwangaluka, mhola? Mimi Mabula. Mimi ndiye nimekuchorea hilo sanduku, nilipaka rangi mara mbili. Usinimeze, mimi sina nyama, ni koti tu hili, tena la shemeji. Shangazi usitoke, ukitoka wanakuua na mzee atakufa. Ni kosa langu. Nilimwacha Minza makusudi, alikuwa kwenye miwani dakika moja tu. Nilimwacha kwa sababu ya kiti, Shangazi! Alisema kweli mbele ya watu nikaona aibu. Limbu alinikataza na skrubu nikatoa. Nne zote. Nisamehe. Usinikazie macho hivyo, Shangazi, naogopa, sijawahi kukugusa hata siku moja, miaka minne nasimama mbali..."

Spika zilikuwa mbili, kubwa. Kila neno lilifika mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Kelele zikatulia kidogo kidogo, nikadhani dua yangu imejibiwa, kumbe watu wamenyamaza wasikilize, wengine wananirekodi kwa simu. Ndoto yangu ndiyo hiyo ilitimia: nimesimama (sikusimama, nimelala kifudifudi) mbele ya watu wengi na wananisikiliza mpaka mwisho.

Shangazi akapandisha mkunjo mmoja juu ya mkono wangu. Ulikuwa mzito, baridi, na jambo la ajabu, ulikuwa unatetemeka. Alikuwa anaogopa kuliko mimi. Nikaacha kuongea. Tukalala hivyo.

Kisha nikasikia pikipiki, nikasikia viatu vinakuja bila kukimbia, na kitambaa kikainuliwa. Minza. Miwani ya Mkaguzi iko puani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Nimekusikia tangu njia panda," akasema.

Akapitisha mikono, akamvuta Shangazi pole pole akimwimbia kitu cha chini kwa Kisukuma, akamvisha mabegani kama khanga. Askari mgambo mmoja, kutoka mbali, akauliza kama huyo nyoka ana kibali. Minza akatoa mfukoni karatasi ya maliasili, imepigwa plastiki, akamkabidhi. Mgambo akaisoma kwa mkono ulionyooshwa sana.

Ndipo nikaelezwa. Alfajiri Minza alikuta mchwa wametoboa sanduku la Shangazi, na jirani aliyeahidi kumwangalia kaenda msibani. Kumwacha peke yake hakuweza, na dereva wa fuso alishaapa siku nyingi kwamba nyoka hapandi gari lake. Basi akamlaza kwenye Hazina, juu ya pamba, akafunga kufuli, akanyamaza. Alipanga akifika amtoe pembeni kabla ya mchezo. Alinipigia simu mara kumi na moja.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" nikauliza, nimejifunga khanga ya mama mmoja mwenye huruma.

"Nilifunga," akasema. "Kufuli ulikuwa hulioni?"

Kwenye mchezo wangu mwenyewe niliandika kwa mkono wangu kwamba bila Mkaguzi sanduku halifunguki, nikawafundisha watu kumi na wawili, kisha nikazunguka nyuma na bisibisi.

Mgeni alikaa ndani ya gari lake muda mrefu, akanywa chupa mbili za maji. Nilikwenda kuomba radhi, nimeinama, khanga nimeishika kwa nyuma. "Mayu, nisamehe," nilisema, maana Kiswahili kilinitoka kichwani, hata neno mama likaja kwa Kisukuma. Alinitazama, mdomo ukamtetemeka, nikajua sasa analia. Kumbe anazuia kicheko, na kikamshinda.

"Kijana," alisema akijifuta macho, "miaka yote nawaeleza watu kwa nini Hazina haifunguliwi na mtu mmoja, na hakuna anayeamka. Leo hapa hakuna aliyelala." Kisha akaacha kucheka. "Lakini mkono wangu ulikuwa mle ndani. Usimfanyie mtu mwingine hivi."

Akasema tutazunguka nao, kwa sharti kwamba bisibisi ibaki nyumbani. Wa pili kuweka sharti alikuwa Minza: mimi si Waziri tena.

Jioni tulikwenda hospitali. Nilikuwa nimejipanga namna ya kumweleza mzee bila kumshtua, nikaanza kwa mbali, hali ya hewa, pamba, akaninyooshea kidole. Muuguzi alikuwa ameshamsikilizisha sauti yangu kwenye simu yake.

"Alikuwekea mkunjo mkononi?" mzee akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Alitetemeka?"

"Alitetemeka."

"Basi ulikuwa karibu naye kweli," akasema. "Kesho mpe maji wewe. Na simu yako usiizime."

Siizimi tena. Hata kanisani inalia. Watoto wa Bariadi wakiniona wananifuata, "Shangazi nakuombaa!" na mimi nawapungia, nitafanyaje? Kwenye mchezo siku hizi kazi yangu ni kulinda sanduku, sina neno hata moja la kusema. Wiki iliyopita kule Kiloleli pikipiki ya Minza ilipata pancha, jua kali, watu wananung'unika, mtendaji wa kule ananionyesha saa, Limbu ananiambia humo leo kuna vibao tu, Shangazi yuko kwa mzee, fungua tuendelee. Nilijua ni vibao tu. Nilivipanga mwenyewe.

Nikakaa juu ya mfuniko. Nilikaa saa nzima na ushee, mpaka nikaona vumbi lake kwa mbali, na alipofika, miwani puani, ndipo nikainuka nikampisha.